Mirassol: hela ya kinda mmoja ilivyofika Libertadores

Mkuu, umeuliza ni tajiri gani kawabeba Mirassol hadi wakamaliza nafasi ya 4 Ligi Kuu ya Brazil 2025, mara yao ya kwanza kabisa kuicheza. Tafuta Luiz Araújo. Huyu winga alipita kwenye timu zao za vijana kabla ya kwenda klabu ya São Paulo, na São Paulo walipomuuza Lille ya Ufaransa mwaka 2017, Mirassol walipata mgawo wao. Timu nyingi ndogo hapo zingesajili mastaa waliochoka. Hawa wakajenga kituo cha mazoezi. Kwangu mimi, huo ndio usajili wao bora.

Klabu yenyewe ni ya 1925, jezi njano na kijani, jina la utani Simba. Mji una watu kama 60,000 tu, uko ndani kabisa ya jimbo la São Paulo, pembeni ya São José do Rio Preto. Kwa miaka mingi walijulikana kwenye ligi ya jimbo tu.

Mwaka 2020 korona ilisimamisha ligi hiyo ya jimbo, mikataba ikaisha, wachezaji wengi wakasepa. Kikosi cha kuungaunga kikaenda Morumbi, uwanja wa klabu ya São Paulo, kikawatoa wenyeji robo fainali, 3-2! Msimu huohuo wakabeba Serie D (daraja la nne Brazil), 2022 Serie C (la tatu), 2024 wakashika nafasi ya pili Serie B (la pili) na kupanda Ligi Kuu.

Nafasi ile ya 4 ikawapa tiketi ya Libertadores 2026, mashindano makubwa ya klabu Amerika Kusini. Anayewaita timu ya msimu mmoja hajawafuatilia.