Miaka saba na baridi yabisi: dawa ya Ijumaa, dagaa wa Mwaloni na mwaka niliopoteza

Kilichonishtua ni mwiko. Mwaka 2018, mchana, nasonga ugali wa muhogo kama nilivyosonga miaka yote, na wa muhogo mnaujua unavyotaka mkono, mwiko ukanitoka ukaangukia kwenye sufuria. Haukuteleza, vidole vyenyewe ndo viligoma kukunja. Kabla ya hapo nilikuwa na kama miezi miwili naamka mikono imekaza, mpaka saa nne asubuhi ndo inaachia, nami najiambia ni uchovu wa cherehani. Mi ni fundi nguo, nakaa mlimani Igogo, hapa Mwanza, maisha yangu yote ni mikono hii miwili.

Mwaka mzima ulipotea hapo. Zahanati ya kwanza wakanitibu taifodi. Ya pili wakasema gauti, nikaambiwa niache nyama nyekundu, maharage na dagaa, nikaacha vyote miezi minane, nikakonda, na vidole vikaendelea kuvimba vilevile. Mama yangu akawa ananiambia "mwanangu acha maji ya baridi, usikae kwenye sakafu", nikaacha. Afu jirani akaniletea unga wa mnadani, wa kijiko kimoja kwenye uji. Jamani ule unga ulifanya kazi! Siku ya nne nilikuwa nashuka mlima mbio, nikawa namwambia kila mtu nimepona. Baada ya miezi miwili uso ukavimba ukawa wa duara, nikauacha, na maumivu yakarudi mara mbili ya mwanzo. Baadaye daktari aliponiangalia tu usoni akaniuliza, "Mama, kuna unga wowote unatumia?" Akanieleza kwamba dawa za namna hiyo zimeshakutwa nchi mbalimbali zimechanganywa deksamethasoni, dawa kali ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kimyakimya, ndo maana zinatuliza haraka hivyo, na ndo maana ukiacha ghafla unaumia. Kwa hiyo ukiona dawa ya "asili" imekutoa maumivu yote ndani ya siku tatu, tafadhali ogopa.

Niseme kuhusu gauti maana huku kwetu kila anayeumwa viungo anaambiwa ana gauti. Gauti mara nyingi inaanza ghafla, usiku, kwenye kiungo kimoja, sana sana kidole gumba cha mguu, na inawapata zaidi wanaume. Hii yangu, baridi yabisi, ambayo kitaalamu wanaita rumatoidi athraitisi, inapenda vifundo vidogo vya vidole, viganja na nyayo, inakuja pande zote mbili, kushoto na kulia, na asubuhi unakaza zaidi ya nusu saa, wengine masaa. Wanawake tunaipata mara mbili mpaka tatu ya wanaume. Ni kinga yako mwenyewe ya mwili inashambulia ule utando wa ndani ya maungio, kwa hiyo siyo maji ya baridi, siyo sakafu, na hujarogwa.

Nilipopata rufaa kwenda hospitali ya Bugando ndo nikapimwa vipimo vyenyewe: vya damu, yaani RF na anti-CCP vinavyotafuta dalili za kinga kujishambulia, na ESR ya kuangalia uvimbe mwilini, pamoja na picha ya mikono. Na mjue RF ikitoka hasi haimaanishi huna, kuna wagonjwa wengi tu RF yao ni hasi, daktari anaangalia vyote kwa pamoja. Picha yangu ilionyesha mfupa umeshaanza kulika kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia. Hivyo viwili havikunyooka tena mpaka leo. Hicho ndo kitu kinaniuma kuliko vyote, kwa sababu kulika huko kulitokea nikiwa nahangaika na unga na kunyimwa maharage.

Sasa dawa. Nilianzishiwa methotrekseti, dawa ya kutuliza hiyo kinga inayoshambulia, vidonge vinne vya 2.5 mg, MARA MOJA KWA WIKI. Naomba msome tena hapo. Sisi tumezoea kibahasha kimeandikwa 1x3 au 2x2, na duka moja la dawa nilipoenda kununua kijana akaniandikia 4x1 basi, bila kuandika wiki. Nikameza Ijumaa, nikameza Jumamosi. Jumapili nimeshika vidonge mkononi na kikombe cha maji kipo mezani, nikakumbuka daktari alitaja neno wiki, nikampigia nesi wa kliniki akaniambia, "Mama yangu usimeze, weka chini, kesho asubuhi uje hapa." Nilipimwa damu na kuangaliwa wiki mbili, namshukuru Mungu ikawa salama. Duniani watu wamekufa kwa kosa hilo hilo la kumeza kila siku, kwa sababu hii dawa ikizidi inazima utengenezaji wa damu. Ukiona vidonda mdomoni, homa au michubuko isiyoeleweka, usisubiri tarehe ya kliniki.

Ukianza usikate tamaa mapema, haitulizi kama panadol, inachukua wiki 6 mpaka 12. Mi nilianza kuona tofauti wiki ya tisa, asubuhi moja nikajikuta nimekamua nguo bila kufikiria. Naimeza Ijumaa usiku ili kichefuchefu kinikute nimelala, na Jumatatu nameza foliki asidi ya 5 mg, vitamini ya kupunguza madhara ya hii dawa, na hii siyo ile FEFO ya kliniki ya wajawazito, yenye madini chuma na foliki pamoja, ile foliki yake ni ndogo sana. Damu na ini napimwa kila baada ya miezi mitatu, mwanzoni ilikuwa mara nyingi zaidi. Pombe nimeacha kabisa. Dada ambaye bado unazaa, hii dawa inaharibu mimba, kwa hiyo uwe na uzazi wa mpango, na ukitaka mtoto ongea na daktari miezi kadhaa kabla.

Na Septrin! Kila nyumba huku ina Septrin kwenye kabati, ukiharisha unameza, ukikohoa unameza. Ukiwa kwenye methotrekseti usiiguse, zote mbili zinaingilia foliki mwilini na zikikutana zinaweza kuangusha damu vibaya mno. Mi kila nikienda duka la dawa nasema kwanza "natumia methotrekseti" ndo naeleza kinachoniuma.

Prednisoloni, nayo ni steroidi, nilipewa kwa muda tu, inatuliza vizuri lakini inakula mifupa na kupandisha sukari, na haiachwi ghafla, inapunguzwa kidogo kidogo. Diklofenaki, ya maumivu, niliyokuwa nameza kama karanga ilinipa vidonda vya tumbo, sasa hivi ni siku mbaya tu na kwa ushauri.

Tuje kwenye chakula, ambacho ndo watu wananiuliza zaidi. Hakuna chakula kilichonitoa kwenye ugonjwa huu, ila kuna chakula kinachonisaidia kukaa vizuri na dawa, na cha kwanza ni dagaa. Naenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba mwenyewe, nachukua waliokaushwa kwenye vichanja siyo mchangani, nawaosha maji ya moto, nawakaanga kwa mafuta kidogo na nyanya na kitunguu. Dagaa unamla na mfupa wake, hapo unapata kalisiamu ambayo prednisoloni inaiba, na yale mafuta ya samaki yanasaidia uvimbe kiasi. Jioni sato akipatikana, mchicha au matembele, maharage yangu nimeyarudisha, parachichi, papai. Soda na chipsi nimepunguza, nimeshusha kilo sita, na magoti yameshukuru kweli maana ngazi za mawe za kupanda kwangu ni nyingi. Tangawizi na manjano natia kwenye chakula, siyo vijiko na vijiko kwenye glasi.

Vidonge vya mafuta ya samaki nilinunua, nikameza kimoja kwa siku miezi mitatu, sikuona kitu. Baadaye nikageuza kopo nikasoma nyuma. Mbele limeandikwa 1000 mg, nyuma EPA 180 na DHA 120, hayo ndo mafuta ya omega-3 yanayofanya kazi, yaani mg 300 tu za ile yenyewe. Tafiti zilizoonyesha nafuu zilitumia karibu gramu 3 kwa siku, hiyo ni vidonge kumi! Na hata hapo nafuu yake ni ya wastani. Kama hela ni ya kuchagua, lipia kwanza kipimo cha damu na dawa, kinachobaki nunua samaki. Anayevuta sigara aache, sigara inauchochea huu ugonjwa na kufanya dawa zisishike vizuri.

Asubuhi naloweka mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi, nakunja na kukunjua vidole, ndo nawasha jiko. Mkasi nimefungia kitambaa kwenye mishikio uwe mnene.

Mdogo wangu wa Sengerema alinipigia juzi, anasema wiki ya tano sasa akiamka hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya chai, na vifundo vimevimba mikono yote miwili. Alikuwa ameshanunua unga. Nimemwambia asiufungue, na ugonjwa huu unatembea kwenye familia kwa hiyo asisubiri mwaka kama mimi. Jumatatu anavuka na kivuko cha Kamanga cha asubuhi, nitakuwa namsubiri pale chini na cheti changu cha zamani mkononi, twende wote.