Maswali na Majibu: Nikiacha kazi, nitalipwa miaka yangu saba?

Swali: Mshauri, shikamoo. Nina umri wa miaka 31 na ninaishi Changamwe. Kwa miaka saba nimeajiriwa kama karani wa nyaraka katika kampuni ya kliaringi (inayowatolea wateja mizigo forodhani) hapa Mombasa, ingawa kwa kweli ninafanya mengi zaidi: ninaandaa entri za forodha, yaani hati za kutangaza mizigo, ninafuatilia kontena, na vijana wawili niliowafundisha kazi wamekwisha kupandishwa cheo nikiwaangalia. Nimechoka. Mwezi uliopita nilihudhuria semina katika hoteli moja ya Nyali, tukaambiwa kuwa asiyeridhika na kazi yake aiache kwanza, ndipo milango itamfungukia. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika. Je, nikiacha nitalipwa kiinua mgongo cha miaka yangu saba? Na hatua hii si ndiyo kuyashika maisha yangu mwenyewe?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na la pesa, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinatambua malipo ya utumishi kwa kila mwaka uliofanya kazi, lakini kifungu hicho hicho kinawaondoa walio wanachama wa NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) au wa mfuko wa pensheni uliosajiliwa. Ikiwa unakatwa NSSF kila mwezi, malipo hayo si yako. Ile fidia ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka, ambayo nadhani ndiyo uliyoisikia, ni ya mtu ambaye nafasi yake imeondolewa na mwajiri, wala si ya aliyejiondoa. Akiba yenyewe ya NSSF nayo haitolewi kwa sababu tu mtu ameacha kazi akiwa na miaka 31. Utakachodai ni mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo uliyoichuma bila kuitumia, ambayo kisheria haipungui siku moja na robo tatu kwa kila mwezi wa utumishi. Nawe vilevile unadaiwa ilani ya maandishi ya siku 28, au zaidi ikiwa mkataba wako unasema hivyo, na ukitoka bila ilani mwajiri anaweza kukudai mshahara wa muda huo.

Wapo wanaotumaini kuacha kazi kisha kushtaki kana kwamba wamefukuzwa. Njia hiyo ipo, na Mahakama ya Rufani iliieleza vigezo vyake mwaka 2015, lakini mzigo wa ushahidi ni wa mfanyakazi, naye hana budi kuonyesha kwamba mwajiri aliuvunja mkataba katika jambo lililo kiini chake. Kupitwa na vijana uliowafundisha kunauma sana, ila kwa peke yake hakufiki huko.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo hunijia mara kwa mara kiasi kwamba nimechoka kulistahimili. Fikra kwamba kuacha kazi ndiko kujitawala ni fikra potofu, na wanaoieneza hawapati hasara yoyote pindi inapomwangusha aliyeiamini. Mtu hulipa kiingilio, husimamishwa, huambiwa afumbe macho na kujiona akiwa tajiri, kisha hurudi nyumbani akiamini kwamba woga ndio kitu pekee kilichomzuia. Sijapata kumwona mhamasishaji aliyerudi baada ya miezi sita kuwauliza wasikilizaji wake wanalipaje kodi ya nyumba.

Kutoridhika kazini kuna sababu nyingi zisizofanana. Yupo aliyechoshwa na kazi yenyewe, yupo aliyechoshwa na msimamizi, na yupo ambaye kazi anaipenda ila haijaandikwa popote kwamba anaifanya. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na sioni mahali unapoilalamikia forodha. Unaitaja kwa ufasaha wa mtu anayeijua. Kinachokuuma ni kwamba kwenye karatasi wewe bado ni karani. Ikiwa ni hivyo, kuacha kazi leo hakutakuponya, bali kutaufanya ukarani huo kuwa wa kudumu, na hili ndilo ambalo ningependa ulielewe vizuri kuliko mengine yote.

Ukiondoka, kifungu cha 51 cha Sheria hiyo ya Ajira kinamlazimu mwajiri akupe cheti cha utumishi chenye tarehe ulizoanza na kumaliza kazi pamoja na aina ya kazi uliyofanya. Hakimlazimu kukusifu, wala kueleza ulifanya kazi vizuri kiasi gani. Ikiwa faili yako inasema karani wa nyaraka, cheti nacho kitasema karani wa nyaraka. Na ikiwa entri ulizoandaa ziliingizwa katika iCMS, mfumo wa forodha wa kompyuta wa mamlaka ya mapato (KRA), kwa akaunti ya mtu mwingine, kama ilivyo desturi katika ofisi nyingi za hapa mjini, basi kontena zote ulizozihangaikia Kilindini zina jina lisilo lako. Mwajiri mpya atauliza ulifanya nini kwa miaka saba, nawe utabaki na maneno matupu.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, tafuta daftari. Andika kazi ulizozifanya mwenyewe, ukianza na za karibuni: aina ya bidhaa, kama ilikuwa ya soko la ndani au ya kupita kwenda Uganda au Rwanda, tatizo lililozuka, na jinsi ulivyolitatua. Usiandike tu kwamba ulishughulikia shehena ya vitambaa. Andika kwamba afisa wa forodha aliukataa msimbo wa HS (namba ya kuainisha bidhaa forodhani) uliotumika, kwamba ulileta maelezo ya kiwandani na sampuli, na kwamba mzigo ulitoka kabla ada ya uhifadhi haijaanza kuhesabiwa. Majina ya wateja na nakala za hati zao usizichukue, kwani hizo ni mali ya kampuni na zitakuletea kesi.

Ukiwa na daftari hilo, omba kikao rasmi na mwajiri, kisha umpelekee barua. Kifungu cha 10 cha sheria hiyo kinataka maelezo ya ajira yaandikwe, yakiwemo maelezo ya kazi, na yanapobadilika mabadiliko nayo yaandikwe baada ya mfanyakazi kushauriwa. Usiombe heshima, kwa kuwa heshima haiingizwi katika faili. Omba maelezo ya kazi yako yarekebishwe yalingane na unayoyafanya, cheo kifuate maelezo hayo, na utaje tarehe unayotarajia jibu.

Katika barua hiyo hiyo omba udhamini wa masomo. Chuo cha KESRA, ambacho ni chuo cha mambo ya kodi na forodha cha KRA, kina kampasi Mombasa na kinafundisha cheti cha Afrika Mashariki cha mawakala wa forodha na usafirishaji wa mizigo, ambacho katika biashara yenu kina uzito kuliko vyeti kumi vya semina. Mwajiri akikuambia hana fungu, mkumbushe kwa adabu kwamba kila mwajiri anatakiwa kuilipa NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani) shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na kwamba anayelipa anaweza kuomba kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Waajiri wengi huilipa tozo hiyo kama wanaolipa faini, wasidai chochote.

Akikataa yote hayo, kwa maandishi au kwa kunyamaza, tafuta kazi nyingine ungali kazini. Hapo kuondoka kutakuwa na maana.

Nisingeandika kwa urefu huu kama ungekuwa peke yako. Tangu reli ya kisasa ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi ianze kazi mwaka 2017 na sehemu ya kontena kwenda kutolewa forodha Nairobi, Mombasa imejaa watu wenye uzoefu mkubwa usio na karatasi, na penye watu wa namna hiyo matapeli hawakosi. Anayeuza wasifu uliojazwa ujuzi usioujua anakuandalia aibu ya dakika tano mbele ya mhoji atakayekuuliza swali moja la uthamini wa bidhaa. Anayekuahidi nafasi bandarini kwa kuwa anamjua mkubwa fulani, ilimradi utangulize kitu kidogo, hana nafasi yoyote. Mbaya kuliko wote ni wakala wa kazi za Ghuba anayewavizia hasa waliokwisha kuacha kazi, akijua kwamba hawawezi tena kusubiri. Wakala halali husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usajili wake unaweza kuuthibitisha huko kabla hujatoa hata shilingi moja. Mkataba wa ng'ambo usomwe kabla ya pasipoti kukabidhiwa kwa yeyote, na anayekuharakisha kutia sahihi kwa kisingizio kwamba ndege ni kesho, mwache aende na ndege yake.