Swali la lugha: tunachuja, tunatenganisha au tunatenga protini?

Swali: Natafsiri maelezo ya maabara kuhusu nanotyubu za kaboni (mirija midogo mno ya kaboni) zilizounganishwa na oksidi ya chuma ili kupata protini moja kutoka kwenye majimaji ya seli. Niliandika, "Mchanganyiko huu unachuja na kufyonza protini." Mhariri amebadilisha, "unatenganisha protini." Nani kati yetu amepatia?

Jibu: Mhariri amekaribia kuliko wewe, ila mimi ningeandika kutenga.

Tazama kazi yenyewe. Unga mweusi wa nanotyubu unatiwa kwenye majimaji na kutikiswa. Protini inayotafutwa inaushika. Ukiweka sumaku ubavuni mwa chupa, weusi wote unakimbilia upande huo na majimaji yanabaki angavu. Unayamwaga, unasuuza unga, kisha unabadilisha chumvi au uasidi ili protini iachie. Hakuna kilichopita kwenye tundu, kwa hiyo hakuna kilichochujwa. Neno kuchuja lihifadhi kwa utando wenye nanotyubu ndani yake, unaopitisha maji na kuzuia molekuli kubwa.

Kutenga ni kukitoa kimoja na kukiweka kando: tunatenga fedha, mgonjwa anatengwa. Kutenganisha kumetokana na kutengana, na ile -na- ya katikati inadai pande mbili au zaidi zinazoachana: unawatenganisha wanaopigana. Protini kumi zikipita kwenye mrija uliojazwa nanotyubu, kila moja ikatoka kwa wakati wake, hapo zimetenganishwa, na mhariri wako angekuwa sahihi kabisa. Lakini hapa inatakiwa moja tu; nyingine zimemwagwa.

Kufyonza kunanisumbua zaidi, maana kunaharibu sayansi yenyewe. Sponji hufyonza maji, yakaingia ndani. Nanotyubu yenye ukuta mmoja mara nyingi ina kipenyo cha nanomita 1 hadi 2 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na protini nyingi ni nene kuliko hapo. Itaingia wapi? Inanata kwenye ukuta wa nje. Andika kunata, na nomino yake unataji, hata kama kwa mara ya kwanza itasikika ngeni.

Nanotyubu zilivuma baada ya makala ya Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991, na msamiati wake kwetu bado haujatulia. Ndiyo maana hata neno mchanganyiko nalionea shaka: mkemia akilisoma atafikiria vitu vilivyokorogwa tu pamoja, kama chumvi na mchanga. Hapa kaboni na oksidi ya chuma zimefungamana zikawa kitu kimoja, na bado kila moja ina kazi yake: kaboni inashika, chuma kinavutwa na sumaku. Tuna neno mseto, lililokwisha kuzoeleka katika kilimo mseto na serikali ya mseto. Nalipenda hapa.

Sentensi yako basi iwe: "Nyenzo mseto hii hutenga protini kwa kuinatisha kwenye kuta za nanotyubu."