Mpeni mtaalamu kalamu, si slaidi

Umeuliza ufanyeje ili maelezo ya mhandisi wa maji yaeleweke kwa waandishi na wabunifu mnaoandaa nao maonyesho. Ningekushauri umpe karatasi kubwa na kalamu nene, achore safari ya maji kutoka mtoni hadi bombani, huku mmoja wenu akichora pembeni kile alichoelewa. Uzuri wa mkono si hoja. Michoro hiyo ikitofautiana, tuseme mmoja umeweka klorini, dawa ya kuua vijidudu, kabla ya chujio la mchanga na mwingine baada yake, hapo ndipo litakapojitokeza swali ambalo asiye mtaalamu angeona haya kuliuliza. Msiharakishe kuinakili kwa usafi, kwani mchoro uliokwisha kupambwa watu husita kuukosoa.