Nobel ya Nelly Sachs msiigeuze posho ya mkimbizi

Wadogo zangu wa Area A, Dodoma, ujumbe nimeusoma. Mnataka binamu yetu wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aje Sweden ajiandikishe ukimbizi, kwa kuwa anatunga mashairi na "hata yule mama Nelly Sachs walimpokea, akapata Nobel". Nani anawajaza maneno haya?

Huyo mama, mshairi Myahudi wa Ujerumani, alitoroka Berlin Mei 1940, barua ya Wanazi ya kumpeleka kambi ya kazi imeshamfikia. Stockholm alibanana na mama yake mgonjwa kwenye nyumba ndogo. Riziki aliitafuta kwa kutafsiri mashairi ya Kiswidi. Ya kwake, ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, aliyatunga usiku gizani ili mama asiamke. Uraia aliusubiri zaidi ya miaka kumi. Nobel ilikuja 1966, siku anatimiza miaka 75, tena akagawana na Agnon, mwandishi wa Israel.

Tuje za leo. Mwomba hifadhi Sweden asiye na familia, posho yake imeganda miaka mingi kwenye krona (hela ya Sweden) 71 kwa siku akijipikia, 24 akipikiwa. Nguo, sabuni na vocha ni humo humo. Vidole vinachukuliwa mapema na kuingizwa kwenye mfumo wa Ulaya, kwa hiyo akikataliwa asidhani atachepukia Ujerumani akaanza upya. Kwenye mahojiano huulizwa tarehe, njia, majina, kisha huulizwa tena; stori ya kupanga huvunjikia hapo.

Mshairi anayetishiwa kweli ana mlango wake: ICORN, mtandao wa miji inayohifadhi waandishi, wenye makao Stavanger, Norway. Mji mwenyeji humpokea mwandishi kwa mwaka mmoja au miwili. Nao huhakiki kazi zake na vitisho vyenyewe. Huyo wetu katishiwa na nani, mwenye nyumba? Asije.

Akipata nafasi ya masomo, aje, tena haraka. Kiswidi aanze siku ya kwanza, ila mashairi asithubutu kuyaandika kwa Kiswidi. Na kabla ya kupanda ndege aende kijijini Mvumi akamrekodi bibi: nyimbo za kutwanga uwele, masimulizi ya miaka ya njaa, Kigogo kile ambacho vijana hamkisemi tena. Kila faili iandikwe jina la msemaji, kijiji na tarehe, siku hiyo hiyo. Ikibaki "sauti 001", miaka mitano mbele hatajua ni bibi au jirani. Nakala moja ibaki kwenu kwenye flashi. Simu huibiwa hata Ulaya.

Hela ya flashi natuma Ijumaa. Ya nauli ya ukimbizi msiniombe.