Sura ya pili imerudi mara ya tatu? Angalia kisigino, siyo jembe

Mkuu, nimesoma swali lako mpaka mwisho. Sura ya pili ya tasnifu imerudi mara ya tatu, wino mwekundu kila ukurasa, na kila ukirekebisha alipoweka alama, msimamizi anaibua jipya palepale jirani. Unauliza uanze upya au uombe msimamizi mwingine. Mimi nasema subiri kwanza. Yalinikuta hayo hayo, na aliyenitoa hakuwa profesa. Ni mama mmoja aliyetufundisha ngoma ya bugobogobo kule Kisesa, karibu na Mwanza, kabla hata sijafikiria chuo.

Kwa wasio wa Kanda ya Ziwa: bugobogobo ni ngoma ya majembe ya Wasukuma. Ilitoka shambani, watu wakilima kwa pamoja huku ngoma zikilia ili majembe yashuke kwa pigo moja. Siku hizi inachezwa kwenye sherehe, na mchezaji analirusha jembe juu, analidaka, anaendelea bila kupoteza pigo.

Sasa mimi nilikuwa nalidondosha. Tukifika pa kurusha, puu, jembe liko vumbini, na siku moja nusura linikate kidole cha mguu. Nikajiona sijui kudaka. Jioni nzima niko nyuma ya nyumba nadaka jembe mpaka viganja vinawaka, kesho yake nikifika uwanjani, puu tena. Mayu (ndivyo tulivyomwita, yaani mama) akanitazama raundi mbili kimya. Kisha akaja na fimbo yake na jembe wala hakuligusa. Akanigonga kisigino cha kushoto: "Hapa. Unatua umechelewa, halafu mkono unawahi. Jembe linaanguka huku, kosa umelifanya kule." Ilikuwa mapigo matatu nyuma. Nilipokiweka sawa kisigino, jembe likadakika bila hata kulifikiria.

Miaka ikapita, nikawa naandika tasnifu kuhusu akina mama wanaoanika dagaa kwenye mialo (pale mitumbwi inaposhusha samaki) ya Igombe na Kayenze, kando ya Ziwa Victoria. Ukurasa wa 31, pembeni, msimamizi kaandika neno moja: "Kwa hiyo?" Nikaiandika upya aya ile. Nikaongeza marejeleo matano. Ikarudi na "Kwa hiyo?" mbili. Nilikasirika, sitaki kusema uongo, nilimsema vibaya mzee wa watu kibandani kwa mama ntilie.

Usiku ule ndipo nilipokumbuka fimbo kwenye kisigino. Nikaiacha aya yenye wino, nikarudi nyuma moja moja nikijiuliza nilianza kuyumba wapi. Nikakuta ukurasa wa 27. Pale nilikuwa nimewaita wote "waanikaji", anayemwaga dagaa mchangani na anayeanika juu ya chanja. Mwaloni kila mtu anajua hao ni watu wawili. Dagaa wa mchangani wanabeba mchanga, na mvua ikishuka ghafla wanalowa palepale chini. Wa chanja wanapata hewa juu na chini, wanakauka wakiwa safi, na bei haiwi moja. Ukurasa wa 31 nikawa nadai bei zinatofautiana, wakati mwenyewe nilishawachanganya watu hao kurasa nne nyuma. Msomaji angenielewaje? Niliongeza sentensi mbili ukurasa wa 27, na ile aya ya 31 nikairudisha kama ilivyokuwa mwanzo kabisa. Ikapita.

Kwa hiyo mkuu, alama ya msimamizi inaonyesha jembe limeangukia wapi. Kisigino utakitafuta mwenyewe, na mara nyingi kiko aya mbili tatu juu.

Lingine la Mayu: hakukubali tuanze mwanzo kila siku. Tungeingia kwa mbwembwe, tukachoka katikati, mwisho tunaburuza miguu. Alikuwa anasema "leo tunaanzia pale panapowashinda," basi, siku nzima ni mapigo manane tu. Jiangalie kama hufungui kompyuta kila usiku na kuanza kupiga msasa ukurasa wa kwanza. Yangu ilikuwa na utangulizi unaong'aa kama sufuria ya sikukuu, na kurasa kumi za mwisho sikuwa nimezirudia hata mara moja.

Na raundi moja ilikuwa na kazi moja. Miguu tu, mikono imefungwa nyuma. Kisha mikono mitupu. Jembe lilikuja baadaye, njuga ndiyo mwisho. Nilifanya hivyo kwenye sura: raundi ya kwanza nikasoma sentensi ya kwanza tu ya kila aya, nione kama zinafuatana. Lugha na nukta nikaacha kabisa mpaka raundi ya mwisho, ambayo niliisoma kwa sauti chumbani, jirani akadhani nasali. Ukisahihisha koma za aya utakayoifuta kesho umemvalisha njuga mtu asiyejua hatua.

Kufuta nako kunauma. Nilikuwa na mruko mmoja niliopigiwa vigelegele, Mayu akautoa. Mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, unayajua: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na watu wanahama kwa miguu yao kwenda penye utamu. Akaniambia mruko wangu unapendeza lakini ukiisha ngoma inakaa kimya kidogo, na hapo ndipo watu wanahama. Kwenye sura nilikuwa na kurasa mbili za historia ya sangara ziwani, nilizipenda sana. Hazikuwahusu wanawake wangu wa dagaa. Nilizikata, nikaziweka kwenye faili la pembeni. Mpaka leo zimo humo.

Tofauti ipo. Mayu alikusahihisha ukiwa bado unahema. Msimamizi anaweza kukaa na kazi yako mwezi mzima. Ndiyo maana usimpelekee tena sura nzima. Mwombe dakika kumi, nenda na kurasa tatu zilizochapwa, umsomee, umwangalie uso anapokunja.

Na hapa pia unaweza kubandika aya yenye wino mwingi pamoja na tatu zilizoitangulia, ila toa jina la chuo. Nitazipitia leo kabla ya saa nne usiku. Baada ya hapo umeme wa mtaani kwetu siudhamini.