Figo hazisafishwi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Shemeji yangu yuko ICU kwa sepsisi, na figo zimegoma. Daktari kasema watamsafisha damu kwa mashine. Ndugu kwenye kundi la WhatsApp wanaandika "anasafishwa figo". Lipi sahihi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, na Mungu ampe shemeji nafuu. "Kusafishwa figo" ni kosa, tena linaloniudhi kila nikisoma kwamba hospitali fulani imepokea "mashine za kusafisha figo". Figo zipi hizo? Damu inatolewa kwa mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingoni au kwenye kinena, inapita kwenye chujio nje ya mwili, inarudi. Figo ziko pale pale mgongoni, hakuna aliyezigusa. Anayekamua nazi hasemi anasafisha kifumbu. Anachuja tui, na kifumbu ndicho kinachochuja. Figo ndizo kifumbu chetu. Zikishindwa, mashine inashika zamu yao. Ukiwaambia ndugu figo zimesafishwa, watauliza kwa haki kabisa: kama zimeshatakata, mbona kesho anarudishwa mashineni?

"Kusafisha damu" nakuvumilia, kumeshazoeleka. Safi tumelipata kwa Waarabu na halina ubaya. Ila kwenye sepsisi linaahidi makubwa mno. Sepsisi si uchafu unaongoja kufuliwa. Ni mwili unaopambana na maambukizi hadi unaviumiza viungo vyake wenyewe. Kuna chujio jingine, lenye dawa ya polimiksini B, lililobuniwa Japani, ambalo hunasa sumu za bakteria damu ikipita. Hunasa, ndicho kitenzi chake. Lilijaribiwa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 450, na matokeo ya 2018 hayakuonyesha kwamba linapunguza vifo. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2021 unashauri lisitumike. Sasa hapo tuseme damu "imesafishwa"? Familia itaona kazi imekwisha, na kumbe roho ya tiba ni antibiotiki za mapema, maji ya mshipani, na kutoa usaha kama upo.

Kwa kuwa figo za shemeji zimegoma, mashine inazifanyia kazi yao ya kuchuja. Andika hivi kwenye kundi: "Anachujwa damu kwa mashine kwa sababu figo zimeshindwa, sepsisi yenyewe anatibiwa kwa antibiotiki."